Bundi Alipolia Mkiwa

Kama uko jikoni, endelea kukoroga. Kama uko safarini, egemea kiti usikilize. Na kama unamlaza mtoto, mlaze kwanza ndipo uongeze sauti, maana ya leo yanamhusu yeye na mama yake.

Leo tutamzungumzia mwanamke mmoja aitwaye Lilith. Ni pepo wa kike katika masimulizi ya Wayahudi, na umri wake unahesabika kwa maelfu ya miaka. Tutaangalia alivyosimuliwa, tutaangalia alivyochorwa, na njiani tutajiuliza swali moja tu: mtoto mchanga anapokufa na sababu haionekani, mbona tunakimbilia kumtafuta mwanamke? Lishike swali hilo. Nitalirudia.

Lakini nianzie nyumbani. Nianzie Mkiwa.

Unaijua Mkiwa? Ukitoka Dodoma kwa basi kwenda Singida, ukishaipita Manyoni, utafika kwenye njia panda moja iliyopo wilaya ya Ikungi. Barabara kubwa inaendelea na safari yake ya Singida, na nyingine inachepuka kushoto kwenda Itigi, Rungwa, hadi Chunya na Mbeya. Hapo ndipo Mkiwa. Jioni moja nilikuwa pale nasubiri gari la Itigi, nalo limechelewa. Upepo wa Singida unaujua mwenyewe, ukianza kuvuma hauombi ruhusa. Tulikuwa tumejibanza ukutani mwa duka, kando ya magunia ya alizeti. Palikuwa na wauza vitunguu, madumu ya mafuta, na chupa za asali zilizopangwa juu ya benchi. Palikuwa na bibi mmoja anayechoma mahindi, macho yamemwiva kwa moshi. Na palikuwa na mama kijana, amempakata mtoto wa miezi miwili hivi.

Nilimtazama yule mtoto. Kwenye paji la uso amepakwa doa la wanja, kubwa kama sarafu, tena limewekwa pembeni makusudi ili uso uharibike kidogo, jicho la hasidi likitua lianzie hapo. Kwenye kifundo cha mkono amefungwa uzi mweusi, na katika uzi umening'inia mfuko mdogo wa ngozi ulioshonwa pande zote. Wewe na mimi tunajua kilichomo.

Basi, juu ya mwarobaini, bundi akalia.

Akalia mara moja tu, msikilizaji. Mazungumzo yakakatika. Mama yule akamfunika mtoto uso kwa khanga. Konda mmoja akainama akaokota jiwe. Na nikaona, kwa macho yangu, watu wawili watatu wakimtupia jicho yule bibi mchoma mahindi. Bibi akageuza hindi lake, akasema neno moja. Neno hilo nitakuambia mwishoni. Sasa twende zetu kwa Lilith, maana ninavyoona, pale Mkiwa jioni ile Lilith alipita.

Tuanze na jina. Katika nchi ya mito ya Tigri na Frati, ambayo leo ni Iraki, watu wa kale waliogopa pepo walioitwa lilu, na wa kike wakamwita lilitu. Wataalamu wengi wanalihusisha jina hilo na neno la Kisumeri lil, yaani upepo. Hapo Mswahili haelezwi mara mbili. Sisi tunasema upepo, na tunasema pepo. Kitu kinachopita bila kuonekana, kinachopenya chini ya mlango, kinachozima koroboi wakati hujamaliza kufunga dirisha. Baadaye jina likaingia katika Kiebrania, na masikioni mwa Waebrania likasikika kama layil, yaani usiku, ndugu wa neno lile unaloliona katika Lailatulkadri. Jina moja, basi, likabeba upepo na usiku pamoja.

Katika Biblia ya Kiebrania Lilith ametajwa mara moja tu. Ni Isaya, sura ya 34, mstari wa 14. Nabii anaieleza nchi ya Edomu ilivyogeuka ukiwa, majumba ya wakuu yameota miiba, wanyama wa nyikani wamehamia humo, na huyu kiumbe wa usiku naye amepata pa kupumzikia. Watafsiri wamehangaika sana na neno hilo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliweka bundi. Ukimaliza kunisikiliza, fungua Biblia yako uone mtafsiri wako aliamua nini.

Umelisikia hilo neno ukiwa? Pahali palipoachwa na watu. Na mkiwa, katika Kiswahili, ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na wa kumwambia pole. Lishike na hilo, kwa sababu marabi wa Babeli, katika Talmudi, walionya kwamba mtu asilale peke yake ndani ya nyumba, asije akakamatwa na Lilith. Wakamweleza kuwa ana nywele ndefu na ana mabawa. Pepo wa mahame, basi, anayemvizia mtu aliye peke yake.

Sasa inakuja hadithi inayojulikana zaidi. Iko katika kitabu kiitwacho Alfabeti ya Ben Sira, kilichoandikwa baina ya karne ya 8 na ya 10. Wasomi wengi wanakiona ni kitabu cha kejeli, kwa hiyo tukisome kwa tabasamu. Kinasema Mungu alipomuumba Adamu kwa udongo, alimuumba na mwanamke kwa udongo ule ule, naye ndiye Lilith. Siku ile ile ugomvi ukaanza. Ugomvi wa nini? Wa nani awe juu na nani awe chini kitandani. Adamu akasema mahali pa mwanamke ni chini. Lilith akajibu kwamba wote wametoka udongo mmoja, hakuna aliye mkubwa kwa mwenzake. Walipokosa kusikilizana, Lilith akalitamka Jina la Mungu lisilotamkwa, akaruka hewani, akaenda zake.

Adamu akashtaki. Mungu akawatuma malaika watatu, Senoi, Sansenoi na Semangelof, nao wakamkuta kwenye maji ya Bahari ya Shamu. Wakamwambia arudi, akakataa. Wakamwambia asiporudi, kila siku watakufa wanawe mia moja. Akakubali adhabu hiyo kuliko kurudi. Halafu akasema yeye ameumbwa kuwadhuru watoto wachanga, wa kiume hadi siku ya nane, wa kike hadi siku ya ishirini. Ila akaapa kwamba popote atakapoona majina ya malaika hao watatu yameandikwa kwenye hirizi, mtoto huyo hatamgusa.

Nataka usimame kidogo hapo. Hadithi hii inamwita muuaji wa watoto. Lakini humo humo, yeye mwenyewe ni mama anayefiwa na watoto mia kila siku. Msimulizi amepita hapo haraka, hajampa hata matanga. Sisi tusipite haraka.

Haya. Tumemsikia. Sasa tumtazame alivyochorwa.

Picha zake za zamani zinazopendeza kuliko zote hazikutundikwa ukutani. Zilifukiwa chini ya sakafu. Mwishoni mwa karne ya 19 wachimbaji kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walikuwa wakifukua mji wa kale wa Nippur, huko Iraki. Katika nyumba za watu wa kawaida wakakuta mabakuli ya udongo, bakuli la kawaida kabisa, la kutilia mchuzi. Yamefukiwa kifudifudi, kwenye kizingiti na kwenye pembe za chumba. Ukiligeuza, ndani limejaa maandishi ya wino mweusi, mengi kwa lugha ya Kiaramu, yanayozunguka duara kwa duara. Na katikati, pale chini kabisa ambapo mchuzi hubakia, amechorwa yeye. Mistari michache tu, kama mtoto alivyochora kwa mkaa ukutani. Nywele timtimu. Macho yamemtoka. Mikono imefungwa, na miguu ina minyororo.

Mabakuli hayo ni ya karne ya 5 hadi ya 8 hivi. Mtaalamu mmoja, James Montgomery, aliyachapisha ya Nippur katika kitabu mwaka 1913, na tangu hapo yamepatikana mengine mengi. Wayahudi hawakuwa peke yao katika kuyatumia. Majirani zao wa dini nyingine nao waliandikiwa yao, maana uchungu wa mtoto haubagui dini.

Na unajua yaliandika nini? Baadhi yao yaliandika talaka. Naam, talaka! Yanamtaja mwenye nyumba, yanamtaja mkewe, yanawataja watoto, kisha yanamwambia Lilith kwamba ameachwa, cheti chake hiki hapa, atoke kwenye nyumba hii asirudi. Hebu fikiri. Huyu mwanamke wa upepo, asiyeshikika, wamemtafutia kitu cha kumfunga, wakaenda kuazima kwa kadhi karatasi ile ile inayowaogopesha wake zao.

Sasa mtu wa pwani anayenisikiliza, wa Tanga, Bagamoyo au Unguja, ameshanitangulia. Amesema moyoni: mbona hilo ni kombe? Kweli, ni nduguye kombe. Sahani nyeupe, wino wa zafarani, aya zimeandikwa kwa duara, kisha zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Tofauti ipo. Kombe la kwetu unalinywa, maneno yanaingia mwilini. Bakuli la Nippur unalifukia, maneno yanabaki mlangoni kulinda zamu. Lakini mkono ule unaotetemeka ukishika chombo cha chakula na kukigeuza kuwa ngao, ni mkono mmoja. Ni wa mzazi.

Na huyo anayezuiwa, je, kwetu hana jina? Analo. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wamelisikia jina Ummu Subiani. Kwa Kiarabu maana yake ni mama wa watoto. Ajabu ya jina, anayesemekana kuwachukua watoto anaitwa mama yao. Masimulizi yanasema Nabii Suleiman alikutana naye, akamkamata, naye akatoa ahadi saba kwamba hatamgusa mwenye kuzivaa. Wanachuoni wana mengi ya kubishana juu ya hirizi hizo, na mimi siko hapa kuamua. Nataka tu uone umbo la hadithi: mwanamke anakamatwa, anaapa, na kiapo chake kinageuka maandishi ya kumfunga mtoto mkononi.

Panda kaskazini sasa, nenda Ethiopia. Huko anaitwa Werzelya. Alimuua mtoto wa mtu mmoja aitwaye Susenyos. Susenyos akapanda farasi, akamfuatilia, akamchoma mkuki, naye akaapa kwamba hatakwenda lilipo jina la Susenyos. Na Waethiopia wakamchora. Wasomi wa kanisa waitwao debtera walitengeneza ngozi ndefu ya mbuzi au kondoo, mara nyingi yenye urefu sawa na kimo cha mwenye kuivaa, ili imlinde toka utosini hadi kisiginoni. Humo wakaandika sala kwa Kigeezi, wakachora malaika wenye macho makubwa yanayokutazama popote uendapo, na mara nyingi wakamchora Susenyos juu ya farasi, mkuki umeelekea chini, na chini ya kwato yumo mwanamke. Ngozi hukunjwa, hutiwa kwenye kifuko, huvaliwa shingoni. Ukiuona mkononi mwa mtoto ule mfuko wa Mkiwa, unamwona mdogo wake.

Narudia, msikilizaji, ili tusipoteane. Lilith anaapa. Ummu Subiani anaapa. Werzelya anaapa. Nchi tatu, dini tatu, na hadithi moja. Mtoto amekufa, mwanamke amelaumiwa, jina limeandikwa.

Sasa tuingie majumba ya makumbusho, nako hatutakaa sana.

London, katika British Museum, kuna kigae cha udongo chenye urefu wa karibu nusu mita, kilichofinyangwa zaidi ya miaka 3700 iliyopita huko Babeli. Mwanamke amesimama uchi, ana mabawa, miguu yake inaishia kwenye makucha ya ndege, amekanyaga simba wawili, na kila upande amesimama bundi. Miaka ya 1930 alitokea msomi akasema huyu ni Lilith, na jina likamganda. Lakini tazama kichwani: amevaa taji la pembe, na huko Babeli taji hilo lilivaliwa na miungu. Leo wengi wanaona ni mungu mke, Ishtari au Ereshkigali, aliyeabudiwa na watu. Makumbusho yalipomnunua mwaka 2003 yakamwita Malkia wa Usiku. Kwa miaka mingi, basi, watu walimwona mwanamke mwenye mabawa na bundi ubavuni, wakaamua hapo hapo kwamba ni pepo mbaya. Taji hawakulipa uzito.

Twende karne ya 19, Uingereza. Mchoraji Dante Gabriel Rossetti alimchora Lilith kati ya mwaka 1866 na 1868. Hana minyororo, hana makucha. Ni bibi mzuri aliyevaa nguo nyeupe, ameketi anachana nywele ndefu huku akijitazama kwenye kioo. Aliyemkalia mchoraji alikuwa mwanamke aitwaye Fanny Cornforth. Miaka michache baadaye Rossetti akaufuta uso wa Fanny, akaweka wa mwanamke mwingine, Alexa Wilding, kwa kumridhisha mwenye kuinunua picha. Mwili ule ule, nywele zile zile, uso wa mtu mwingine! Umeona jinsi uso wa Lilith unavyobadilishwa? Mwingine, John Collier, miaka ya 1880 alimchora uchi, nyoka mkubwa amemzunguka naye amemlalia kwa shavu.

Nikuulize: katika picha hizo mbili, mtoto yuko wapi? Hayumo. Kwenye bakuli la Nippur mtoto hakuchorwa, lakini ndiye sababu ya bakuli. Katika picha za Uingereza mtoto ameshasahauliwa. Anayeogopa sasa ni mwanamume, na anachokiogopa ni mwanamke anayejitazama mwenyewe badala ya kumtazama yeye.

Ilibidi wanawake wenyewe waje kulishika jina. Mwaka 1976 wanawake wa Kiyahudi huko New York walianzisha jarida, wakaliita Lilith, kwa ajili ya ule msemo wake kwamba wote tumetoka udongo mmoja. Na mwaka 1994 mchongaji Kiki Smith alimfinyanga kwa shaba nyeusi, amejikunyata juu ya ukuta kama mjusi, kichwa chini, macho ya kioo yanakutazama. Ukimwona unashtuka. Ukimwangalia tena unamwona kama mtu aliyefukuzwa, anayesubiri kupigwa jiwe.

Haya, msikilizaji. Sasa lile swali. Mtoto mchanga anapokufa na sababu haionekani, mbona tunakimbilia kumtafuta mwanamke?

Hebu tuangalie alichokuwa akikiona mama wa zamani. Mtoto amezaliwa mzima. Amelia vizuri, amenyonya vizuri, siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tano, ya sita, ya saba, taya linakaza. Hawezi kunyonya. Mwili unakakamaa kama ubao, mgongo unajipinda. Anakufa. Sisi tuliuitaje ugonjwa huo? Pepopunda. Pepo limo ndani ya jina lenyewe. Leo tunajua kwamba ni kijidudu cha udongoni na kwenye samadi, kilichoingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kilichopakwa kitu kichafu. Ndiyo maana mama mjamzito anachomwa sindano ya pepopunda kliniki. Sisemi hadithi ya Lilith ilitungwa kwa ajili ya pepopunda. Nasema zitazame siku: siku ya nane, siku ya ishirini. Waliozihesabu siku hizo walikuwa wamezika.

Na mtoto mkubwa kidogo, je? Homa imepanda usiku, macho yamegeuka, mikono inatapatapa kama mbawa. Degedege. Dege, ndege mkubwa aliyepita juu ya paa. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania ulikuta wazazi waliomwogopa ndege huyo kiasi cha kusema mtoto wa degedege asipelekwe hospitali, akichomwa sindano atakufa. Na kumbe mara nyingi degedege hilo ni malaria kali, na kuchelewa ndiko kunakoua. Nasema tena, na wewe mwambie jirani: mtoto akishikwa na degedege, mbio zahanati, usiku huo huo. Hirizi kama unayo aende nayo mkononi, lakini aende.

Sasa nikupe hadithi ya pili ya mwanamke wa kwanza, ya hapa hapa kwetu. Ni ya Wamakonde, na Mjerumani Karl Weule aliiandika alipozuru kusini mwa nchi yetu mwaka 1906. Inasema hapo mwanzo palikuwa na kiumbe mmoja tu, anaishi porini peke yake, haogi, nywele hazinyoi. Mkiwa hasa. Siku moja akachonga mti, akatengeneza sanamu ya mwanamke, akaisimamisha karibu na alipolala. Asubuhi akaikuta iko hai. Wakaoga mtoni, wakawa mume na mke. Akazaa, mtoto akatoka amekufa. Wakahama, akazaa tena, mtoto akatoka amekufa. Wakapanda juu zaidi, wakafika uwanda wa juu wenye vichaka vizito, akazaa mara ya tatu, na mtoto huyo akaishi. Ndiyo maana, wanasema, Wamakonde wakakaa juu ya uwanda, mbali na mabonde na maji makubwa.

Umesikia tofauti? Hapa pia yupo mtu wa kwanza na mwanamke wa kwanza. Hapa pia watoto wanakufa. Lakini hakuna aliyemgeukia mwanamke akamwambia, ni wewe. Walitazama bonde, wakatazama maji, wakasema: tuhame. Walikuwa hawajamjua mbu, lakini walishauliza swali zuri kuliko letu. Sisi tumeuliza nani. Wao waliuliza wapi.

Swali la nani lina gharama, msikilizaji. Bakuli la udongo likimfunga mwanamke wa wino, hakuna aliyeumia. Shida inaanza wino unapokauka na watu wakatafuta uso wa nyama. Wazee wa Singida wanazikumbuka habari za simba-watu wa miaka ya 1940, wale ambao Wanyaturu waliwaita mbojo. Watu waliuawa, serikali ya kikoloni ikaendesha kesi, wengine wakanyongwa. Na minong'ono ilisema nini? Kwamba nyuma ya mbojo yupo mwanamke mchawi anayemfuga. Huko Kanda ya Ziwa, siku za karibu zaidi, vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Macho mekundu! Mwanamke aliyepikia kuni na samadi kavu miaka hamsini, akawalisha wote waliokuja kumhukumu, ulitaka macho yake yawe meupe?

Na mara nyingi huwa ni nani? Ni mjane. Ni yule anayelala peke yake, ambaye wanawe wameenda mjini. Marabi waliogopa Lilith atamkamata anayelala peke yake. Sisi tumefanya jambo gumu zaidi: anayelala peke yake tumemwita Lilith.

Basi nimalizie pale nilipoanzia, nilikuahidi. Bundi amelia juu ya mwarobaini, watu wamenyamaza, jiwe liko mkononi mwa konda, na macho ya watu yako kwa bibi mchoma mahindi. Bibi akageuza hindi lake, hakuinua hata kichwa, akasema:

"Mwacheni ale. Mmepanga magunia ya alizeti hapo wiki nzima, panya wamejaa. Mlidhani atakwenda kula wapi?"

Konda akacheka, akalitupa jiwe barabarani. Mama kijana akamfunua mtoto uso. Taa za gari zikaonekana kwa mbali, kila mtu akaanza kukusanya mizigo yake, naye mama hakuwa amenunua chochote cha njiani. Akamsogelea bibi, akamwambia, "Bibi, nishikie mtoto nikachukue maji dukani." Bibi akafuta mikono kwenye khanga, akampokea. Na alipompokea, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja shingoni mwa mtoto, kupima joto.

Kama kuna bibi jirani yako anayelala peke yake, kesho kampigie hodi.